Ubao Ule Unauliza Nani

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa kituo cha polisi, chumba cha upelelezi, Jumanne tarehe 10 mwezi wa pili, kuanzia saa nane na dakika ishirini mchana.

Shahidi: Mwanamke, jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha kazi alichoonyesha. Kazini anaitwa Dada Waya.
Umri: Miaka 36.
Kazi: Fundi wa mifumo ya kompyuta, kituo cha kusafisha maji.
Makazi: Nyumba za wafanyakazi, mlango wa nne, nyuma ya matangi.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimeonywa kwamba nitakayosema yanaweza kutumika hata dhidi yangu, nami nimekubali kusema.

Nimefanya kazi kituo cha kusafisha maji kwa miaka saba. Kazi yangu ni kuzitunza kompyuta mbili zinazoendesha pampu ya dawa, yaani ile dawa ya kuua vijidudu inayotiwa kwenye tangi la juu kabla maji hayajashuka mitaani. Kompyuta zote mbili zinatumia mfumo wa Linux. Moja ndiyo inayofanya kazi, ya pili ni ya akiba. Ndani yake kuna programu tunayoiita huduma ya dawa, ambayo huiambia pampu itie kiasi gani. Huduma hiyo ikifa, pampu nayo inasimama. Kwa hofu ya jambo hilo tuliweka programu nyingine, tunaiita mlinzi. Kila baada ya dakika moja mlinzi anauliza: huduma iko hai? Akijibiwa kwamba imekufa, anaiamsha kompyuta ya akiba na kuwasha taa nyekundu kwenye ubao wa taa. Ubao mmoja uko chumba cha mitambo na mwingine ofisini kwa mhandisi mkuu. Akijibiwa kwamba iko hai, taa inabaki kijani. Wafanyakazi wameagizwa kwamba taa ikiwa kijani mtu asiguse kitu.

Mtuhumiwa wa kesi hii ya maji ninamfahamu. Ni mwendesha mitambo wa zamu inayoanza saa nane mchana. Kila mtu anamwita Shemeji, kuanzia askari wa getini hadi mkurugenzi, kwa sababu mke wake ametoka kwenye ukoo mkubwa kiasi kwamba ukirusha jiwe mtaani kwetu halianguki chini bila kumgusa ndugu wa mke. Naye humwita kila mtu shemeji. Jina lake la kwenye kitambulisho nimelisoma kwa mara ya kwanza kwenye karatasi ya kukamatwa kwake.

Kuanzia Jumatano tarehe 4 hadi Jumapili tarehe 8 nilikuwa likizo. Nilimpeleka baba yangu kufanyiwa upasuaji wa jicho katika mji mwingine, na nina karatasi za hospitali. Kwa hiyo yaliyotokea siku hizo sikuyaona kwa macho. Ninayoyaeleza kuhusu siku hizo nimeyasoma kwenye kumbukumbu za kompyuta, kitabu cha zamu na kitabu cha getini, ambavyo vyote nimekuja na nakala zake.

Nilirudi kazini Jumatatu tarehe 9 saa mbili kasoro robo asubuhi. Askari wa getini aliniambia Shemeji amekamatwa tangu jana yake mchana kwa kutia kitu kwenye tangi la maji. Alisema watu wa mtaa wa chini wameugua matumbo, hamsini na wawili waliofika zahanati, wengi watoto wa shule. Sikuamini. Nilimuuliza nani amesema ni Shemeji. Akasema kamera imemwonyesha akipanda ngazi ya tangi na ndoo, Ijumaa na Jumamosi, saa kumi na moja jioni jua likiwa bado linawaka.

Saa mbili na nusu niliitwa na mhandisi mkuu ofisini kwake. Mezani palikuwa na rundo la karatasi zilizochapwa kutoka kwenye kumbukumbu za mlinzi. Zilikuwa ni majibu ya kila dakika kuanzia Ijumaa asubuhi hadi Jumapili. Jibu lilikuwa moja tu kwenye kila mstari: sufuri. Kwa mlinzi, sufuri maana yake huduma iko hai. Mhandisi alisema polisi wanataka uthibitisho wa fundi kwamba mfumo ulitia dawa bila kukatika siku zote tatu. Kama dawa ilikuwa inaingia sawasawa, basi alichomwaga Shemeji ndicho kilichowadhuru watu. Karatasi ya uthibitisho ilikuwa tayari imeandikwa.

Niliitia saini. Ndiyo karatasi iliyomo kwenye jalada hili, ukurasa wa tisa. Niliziangalia zile sufuri kwa kuzipitishia macho tu, kama mtu anavyopitisha macho kwenye maneno aliyoyazoea. Kisha nikarudi kazini kwangu.

Saa tano asubuhi nilikwenda chumba cha mitambo kuangalia pampu. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Mwendesha mitambo aliyekuwepo aliniambia kompyuta ilizimwa na kuwashwa upya Jumapili saa nne na dakika tano asubuhi kwa amri ya mhandisi, malalamiko yalipozidi. Nikaona kitabu cha zamu kiko mezani, nikakifungua ukurasa wa Ijumaa tarehe 6. Mwandiko wa Shemeji naujua, herufi zake zinaegemea nyuma kama zinavutwa kamba. Alikuwa ameandika hivi:

"Saa kumi kamili nimepima maji, hayakubadilika rangi. Nimerudia mara tatu. Ubao kijani. Nimekwenda kwenye kompyuta, nimeuliza hali kama nilivyofundishwa. Imejibu: Huduma imesimama. Mwite fundi. Fundi yuko likizo. Nimempigia mhandisi. Amesema vidonge vya kupimia vimeharibika, nisiguse kitu kwa sababu ubao ni kijani."

Naomba nieleze kuhusu kupima. Tangu kompyuta zifungwe, kupima kwa mkono ni mara moja kwa wiki. Unatia kidonge kwenye kichupa cha maji, yakiwa na dawa yanageuka rangi ya waridi. Shemeji hupima kila siku. Wenzake humtania kwamba hata chai yake anaipima.

Nilisoma maandishi yale mara nyingi. Kilichonishika ni maneno "Huduma imesimama. Mwite fundi." Maneno hayo niliyatunga mimi. Yako kwenye skripti, yaani maagizo ambayo kompyuta huyasoma mstari kwa mstari, na hayatokei kwenye skrini ila huduma ikiwa imekufa. Ikiwa hai inaandika "Huduma inaendelea." Hakuna mtu mwingine anayeyajua kwa sababu kwa miaka yote huduma haijawahi kufa mbele ya watu. Sasa Shemeji aliyapata wapi? Kama aliyaona kwenye skrini, huduma ilikuwa imekufa. Na kama ilikuwa imekufa, zile sufuri nilizozitilia saini zimetoka wapi? Nilisimama pale na kitabu mkononi mpaka mwendesha mitambo akaniuliza kama naumwa.

Siku hiyo sikumweleza mtu jambo hilo. Mchana nilikwenda zahanati ya mtaa wa chini kumwona mama mdogo, mdogo wake mama yangu. Yeye na mjukuu wake wamo kwenye wale hamsini na wawili. Alikuwa na dripu mkononi. Aliniambia huyo mtu wetu wa ndoo wasimtoe. Nilimwekea mto vizuri.

Saa kumi jioni nilimsindikiza mke wa Shemeji hapa kituoni kumletea nguo. Koplo wa kaunta alituruhusu dakika chache, yeye akiwa amesimama karibu. Shemeji aliniuliza kwanza habari za baba, kama ameanza kuona. Nikamwambia anaona. Kisha akasema anakiri ndoo: alichota dawa kwenye pipa, akachanganya kwa kipimo cha zamani tulichokuwa tukitumia kabla ya kompyuta, ndoo sita kwa tangi, zamu zake mbili. Alisema hakuweza kuyaacha maji yashuke hivyo hivyo na mhandisi hasikii. Hakulalamika. Alikuwa na jambo moja tu lililomkosesha raha, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza kitu cha darasani:

"Shemeji, ubao ule unauliza nani? Maana mimi niliiuliza mashine hiyo hiyo, ikaniambia imesimama."

Nikamwambia sijui, nitaangalia. Huo ndio ukweli, nilikuwa sijui. Mkewe alilia njia nzima, mimi nilikuwa nikimsikia na simsikii, kwa sababu swali lile lilikuwa limeshaniingia kichwani.

Leo Jumanne tarehe 10 niliingia kazini saa moja kamili asubuhi. Nina kompyuta ya majaribio ofisini kwangu, haijaunganishwa na pampu yoyote, ndani yake kuna nakala ya kila kitu. Niliwasha huduma, nikauliza hali. Ikaandika: "Huduma inaendelea." Nikaiua huduma kwa makusudi, nikauliza tena. Ikaandika: "Huduma imesimama. Mwite fundi." Kwa maneno, skripti ilisema kweli mara zote mbili.

Hapo nikaangalia namba. Naomba hili liandikwe vizuri kwa sababu kesi yote imekaa hapa. Kila programu ikimaliza kazi huacha namba moja nyuma yake. Namba hiyo haionekani kwenye skrini mpaka uiulize. Kwenye maulizo ya hali ya huduma, mafundi wa Linux wana makubaliano: sufuri maana yake huduma iko hai, moja maana yake imekufa ghafla na kuacha faili lake, tatu maana yake imesimama. Mtu anasoma maneno. Mlinzi hajui kusoma maneno, anachukua namba tu.

Huduma ikiwa imekufa, na maneno "Huduma imesimama" yakiwa bado mbele ya macho yangu, niliuliza namba. Ikaja sufuri.

Nilicheka. Nakiri kwamba nilicheka, peke yangu, kwa sababu nilikuwa nimepata jibu la Shemeji na fundi akipata jibu furaha humtangulia. Nilirudia mara saba. Nikaiwasha, sufuri. Nikaiua, sufuri. Nikafuta hata faili la huduma yenyewe ili kusiwe na kitu cha kuuliza. Ikalalamika kwa maneno, ikaacha sufuri. Ubao na Shemeji walikuwa wameuliza mashine ile ile swali lile lile. Yeye alisoma maneno, ubao ukasoma namba.

Saa moja na dakika arobaini nilifungua skripti yenyewe nione kwa nini. Ni mistari ishirini na sita. Inaangalia vizuri na kugundua vizuri kwamba huduma imekufa. Kisha inaandika maneno kwenye skrini, inaishia hapo. Palikosekana mstari mmoja wa kuiambia itoke na tatu. Skripti isipoambiwa itoke na namba gani, hutoka na namba ya kitendo chake cha mwisho. Kitendo cha mwisho kilikuwa kuandika maneno. Kuandika kulifanikiwa. Basi ikatoka na sufuri, kumaanisha nimefanikiwa kusema kwamba imekufa.

Juu kabisa ya skripti kuna mstari wa jina la mwandishi na tarehe. Tarehe ni ya miaka sita iliyopita. Herufi za jina ni zangu.

Nilikaa. Nilikumbuka mpaka siku yenyewe. Ilikuwa wiki ya kuzindua mfumo, wageni walikuwa wanakuja kukagua, na maneno ya kwenye skrini niliyaongeza asubuhi ile ili mtu asiyejua namba aelewe. Niliyaongeza mwishoni, nikajaribu huduma ikiwa hai, nikaona kijani, nikaondoka. Sikuwahi kuijaribu ikiwa imekufa. Kwa miaka sita, kwa kosa langu, ubao ule haukuwa na uwezo wa kuwa mwekundu kwa sababu ya huduma kufa, na hakuna aliyejua, nami ndiye niliyewafundisha watu kuuamini.

Kisha nilitafuta huduma ilikufa lini na kwa nini. Kwenye kumbukumbu za mfumo wenyewe, si za mlinzi, Ijumaa tarehe 6 imeandikwa 09:12. Asubuhi hiyo ripoti ya mwezi ilikuwa inatengenezwa kwenye kompyuta ile ile. Nafasi ya kompyuta ya kufanyia kazi ikajaa, na Linux ikibanwa hivyo huchagua programu moja na kuiua ili nyingine zipumue. Ilichagua huduma ya dawa. Hakuna mtu aliyeigusa. Kutoka hapo hadi kompyuta ilipowashwa upya Jumapili saa nne na dakika tano ni dakika elfu mbili mia tisa thelathini na tatu. Nilizihesabu sufuri za mlinzi kwa muda huo. Hakuna hata moja iliyokosekana.

Pia nilikuta amri aliyoiandika Shemeji. Kompyuta hutunza amri na saa yake. Iliandikwa Ijumaa, saa kumi na dakika saba alasiri, na tena Jumamosi, mara nne.

Sikurekebisha skripti. Niliinakili kama ilivyo kwenye flashi pamoja na kumbukumbu zote, nikafunga flashi kwenye bahasha. Kwa usalama wa maji, nilimwambia mwendesha mitambo wa zamu apime kwa kichupa kila saa na asiuangalie ubao kabisa. Alinitazama kwa mshangao, lakini alipima, maji yakawa ya waridi.

Saa nne asubuhi nilikwenda kwa mhandisi mkuu. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza vizuri, si mtu mbaya. Aliuliza maswali matatu na yote yalikuwa ya maana. Kuhusu simu ya Ijumaa alisema Shemeji alimwambia "mashine inasema imesimama", naye, akiwa anatazama kijani, alielewa kwamba imesimama imara, haijayumba. Sijui kama nimwamini. Ila nimefikiria lugha yetu na siwezi kusema ni uongo. Neno lile lina pande mbili, na aliyelichagua ni mimi.

Mwishowe alifunga mlango. Alisema nirekebishe mstari ule leo leo, na kwamba habari za Shemeji zitajirekebisha zenyewe polisi wakikosa ushahidi. Nikamwambia ushahidi wanao, una saini yangu. Akasema:

"Ukienda kusema hayo, atatoka mmoja na ataingia mmoja."

Nikamwambia nimeshalifikiria hilo. Hakunizuia. Nilipofika mlangoni aliniuliza kama sufuri zingine kwenye mitambo nazo ni za aina hiyo. Nikamwambia sijui bado, kuna skripti kumi na moja na nyingi nimeziandika mimi. Nilimwona anashika kichwa.

Kabla ya kuja hapa nilipitia zahanati. Nilimwambia mama mdogo kwamba si yule wa ndoo. Akaniuliza ni nani. Nikamwambia ni mimi, nikamweleza kwa kifupi. Mjukuu wake alikuwa amelala. Kisha akaniuliza kama tangu asubuhi nimekula. Nikasema sijala. Akanisogezea sahani yake, akageukia ukutani.

Nilifika kituoni saa nane mchana. Afisa anayeandika maelezo haya, ambaye ni koplo wa upelelezi, aliniomba nimwonyeshe. Nilikuja na kompyuta yangu ndogo yenye nakala ya mfumo. Nilimwonyesha mara moja, akaomba afanye mwenyewe. Alivuta kiti. Aliiua huduma, akauliza hali, akasoma maneno kwa sauti, akauliza namba, akaiona sufuri. Akafanya tena. Alifanya mara tano na kila mara aliinama karibu zaidi na skrini. Kisha alisema:

"Ni kama nimemtuma askari akaangalie kama duka limevunjwa. Anarudi, anapiga saluti. Mimi naangalia saluti, naandika salama."

Nikamwambia ndivyo ilivyo, na kwamba askari mwenyewe alikuwa anasema kwa mdomo kwamba duka limevunjwa, lakini mkubwa wake amezaliwa hasikii. Na aliyemfundisha askari kupiga saluti kwa kila jambo ni mimi.

Hapa afisa aliniuliza swali lililonitia hofu. Alisema: kwa ushahidi wangu mwenyewe huduma ilikufa saa tisa na dakika kumi na mbili, na mtuhumiwa aliingia zamu saa nane mchana, kwa hiyo alikuwepo peke yake, kwa nini asiwe yeye aliyeiua? Niliona nimekuja kumtoa mtu na nimemkaza kamba.

Kisha nikaelewa. Nilimwomba anionyeshe ameisoma wapi saa hiyo. Akaweka kidole kwenye karatasi yangu, pale palipoandikwa 09:12. Nikamweleza kwamba kompyuta huanza kuhesabu saa usiku wa manane, si alfajiri. Tisa ya kompyuta ni tatu yetu ya asubuhi. Ingekuwa saa tisa ya alasiri ingeandikwa kumi na tano. Nikamwonyesha amri ya Shemeji, ambayo imeandikwa 16:07, ndiyo saa kumi na dakika saba, inalingana na kitabu cha zamu. Afisa alitazama saa ya ukutani, akatazama simu yake, akahesabu kwa vidole. Kisha akafungua nakala ya kitabu cha getini mwenyewe. Ijumaa tarehe 6 mtuhumiwa alipita getini saa nane kasoro dakika kumi mchana. Huduma ilikuwa imekufa zaidi ya saa nne na nusu kabla hajatia mguu kazini.

Nikijibu maswali mengine ya afisa: Sijui kama dawa aliyoitia mtuhumiwa kwa ndoo ilitosha, hilo ni la bwana afya. Ninachojua ni kwamba ndiyo dawa pekee iliyoingia kwenye tangi siku hizo, na kwamba pipa limepungua kwa kiasi cha ndoo alizozitaja. Sijaahidiwa chochote na familia yake. Sina ugomvi na mhandisi. Hakuna aliyenishauri kuja.

Naifuta saini yangu kwenye uthibitisho ulioko ukurasa wa tisa wa jalada hili. Niliyoyathibitisha pale hayakuwa kweli. Sikujua hivyo nilipotia saini, lakini ilikuwa kazi yangu kujua, na ningeweza kujua kwa dakika kumi kama ningejiuliza alichojiuliza Shemeji.

Nimetoa bahasha yenye flashi moja, nakala ya kitabu cha zamu kurasa mbili, nakala ya kitabu cha getini ukurasa mmoja, na karatasi kumi na nne za kumbukumbu za kompyuta. Nayajua hayo tu, na hayo ndiyo niliyokuja kuyasema.

Saini ya shahidi: (ametia saini)

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA

Nathibitisha kwamba nimeyaandika maelezo haya kama yalivyotolewa na shahidi, nimemsomea kwa lugha anayoielewa naye amekubali ni sahihi, isipokuwa sehemu moja. Kwenye ukurasa wa nne nilikuwa nimeandika "hitilafu ya kompyuta". Shahidi ameomba maneno hayo yakatwe na kuandikwa "kosa langu". Nimemweleza uzito wa maneno hayo kisheria. Amerudia ombi. Marekebisho yamefanywa, yeye na mimi tumetia saini pembeni.

Maelezo yamekamilika saa kumi na moja kasoro robo jioni. Jalada limepelekwa kwa mkuu wa kituo, ambaye ameagiza mtuhumiwa atolewe mahabusu leo hii wakati uchunguzi ukiendelea.

Shahidi ameelezwa kwamba ataitwa tena, na kwamba huenda safari hiyo asiitwe kama shahidi. Amesema ameelewa. Ameuliza kama siku hiyo aje na kompyuta.

Saini ya afisa: (koplo wa upelelezi)